Tairi ya pikipiki husomwa ubavuni

Mkazi wa Ganjoni hahitaji saa ya kumwamsha. Kwanza husikia adhana, kisha malori yanayoelekea Mbaraki, na sisi wa nyumba yetu tuna mlio wa tatu: pikipiki ya mdogo wangu. Msidhani nazungumzia bodaboda. Hii ni ile ya mbio, injini ya cc 1000, ambayo mwendeshaji huilalia kifudifudi kama mtu anayelinong'oneza tangi la petroli. Aliinunua kuukuu kutoka kwa mtu aliyekuwa akihama mji, na tangu siku hiyo mama hajalala usingizi wa kushiba.

Asubuhi moja ya mwezi wa Mei, mvua za masika zikiwa zimeshika, alimpakia wifi yangu ili amfikishe kazini. Hawakufika mbali. Wakiingia Moi Avenue walikata kona ndogo tu, kwa mwendo usiofika hata kilomita 40 kwa saa, na gurudumu la nyuma likawatoroka. Tunamshukuru Mungu kwamba hapakuwa na gari nyuma yao. Wifi alichubuka goti na kiwiko, akainuka, akakung'uta nguo, akavua kofia ya chuma na kumkabidhi mumewe. Alipanda tuktuk akaenda zake kazini. Jioni alitangaza mbele ya mama kwamba kiti cha nyuma amekirudisha kwa mwenyewe.

"Ni mvua, dada," mdogo wangu alinililia mimi. "Tairi zenyewe bado mpya. Tazama meno yake."

Nilitazama. Kweli mifereji ilikuwa mirefu, mtu ungeweza kuficha njiti ya kiberiti ndani yake. Lakini mama, ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli, aliuliza swali moja: "Kama ni mpya, mbona zimemwangusha mke wa mtu?" Hatukuwa na jibu, ndipo tukaisukuma pikipiki hadi kwa fundi mmoja mzee anayezijua pikipiki kubwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Haya, niambieni."

Tulimweleza. Mzee hakuyatazama yale meno kabisa. Alichutama, akafuta ubavu wa tairi ya nyuma kwa kitambaa, akavaa miwani. "Soma hapa, mwanangu," alimwambia mdogo wangu. Baada ya herufi DOT palikuwa na mlolongo wa herufi na tarakimu, na mwisho wake tarakimu nne: 1512.

"Wiki ya 15, mwaka 2012," mzee alisema. "Huu mpira una umri wa mtoto wa shule. Meno hayakuisha kwa sababu pikipiki ilikuwa imesimama tu." Kisha akabonyeza kwa ukucha. Ukucha haukuacha alama. Mpira ulikuwa mgumu kama kwato.

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipojifunza somo la kwanza, nami nakuletea bure. Tairi huzeeka hata bila kutembea. Jua, joto na hewa yenyewe hukausha mpira, na mpira uliokauka haung'ang'anii lami, hasa ikiwa na maji. Tangu mwaka 2000 tarakimu nne hizo huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. Ushauri wa Michelin ni kwamba tairi ikishatumika miaka 5 ikaguliwe na mtaalamu kila mwaka, na ikifika miaka 10 tangu kutengenezwa iondolewe hata kama inapendeza machoni. Kwa mji kama wetu, ambapo pikipiki hushinda juani kutwa, mtu asingoje hiyo kumi.

Mdogo wangu, kama vijana walivyo, aliruka kutoka kosa moja hadi jingine. "Basi nitafute zile za mashindano, mzee. Ndizo zinazoshika zaidi."

Mzee alicheka hadi akavua miwani. Alitueleza kwamba tairi ya uwanjani hutengenezwa kwa mpira laini unaoshika ukishapata moto mkali. Ndiyo maana kwenye mashindano huvalishwa blanketi za umeme kabla ya kuanza. Sasa mtu anayetoka Ganjoni hadi posta, akisimama kila baada ya hatua chache kwa ajili ya matuta, tuktuk na taa, moto huo ataupata wapi? Hata lami yetu ya saa saba mchana haitoshi, na mvua ikinyesha ndiyo mwisho. Isitoshe, tairi hizo zina mifereji michache, na kazi ya mifereji ni kuyafukuza maji. Kwa hiyo zile zinazoshika kuliko zote uwanjani, mjini kwetu zinaweza kuteleza kuliko za kawaida.

Kwa ufupi tairi za pikipiki kubwa za mbio ziko makundi matatu. La kwanza ni hilo la uwanjani, mfano Pirelli Diablo Supercorsa. La pili ni la barabara kwa wapenda kasi, ambalo hupata moto upesi zaidi lakini huisha haraka. La tatu ni la safari, mfano Michelin Road au Metzeler Roadtec, lenye mifereji mingi, linaloshika hata likiwa baridi, na linalodumu. Tairi nyingi za siku hizi huchanganya mipira miwili: mgumu katikati, laini pembeni. Faida yake ataiona yeyote anayeenda Nairobi. Safari ile ya karibu kilomita 480, kupitia Mariakani, Voi na Mtito Andei, ina sehemu ndefu zilizonyooka, na tairi laini huliwa katikati hadi ikawa bapa kama chapati. Ukifika penye kona, pikipiki hukataa kulala vizuri.

"Swali si pikipiki inaweza kukimbia kiasi gani," mzee alisema. "Swali ni wewe unapita wapi."

Mdogo wangu alitaja njia zake: Moi Avenue, Nyali, na feri ya Likoni mara mbili kwa wiki. Kusikia feri, mzee alitikisa kichwa. Chuma cha pale pa kupandia, kikiwa na maji ya bahari na matone ya dizeli, hakuna tairi inayokipenda. Pale dawa ni mwendo wa pole na pikipiki iliyosimama wima. Hata hivyo jibu lilikuwa limepatikana: kundi la tatu.

Baada ya hapo tulisomeshwa ubavu mzima. Wanafunzi, shikeni kalamu. Tairi ya nyuma iliandikwa 180/55 ZR17, na mbele ya maandishi hayo 73W ndani ya mabano. Namba 180 ni upana kwa milimita. Namba 55 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo, yaani milimita 99. Herufi R ni radiali, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 73 inamaanisha tairi hubeba hadi kilo 365. W ni mwendo wa kilomita 270 kwa saa, na ikiwa ndani ya mabano, zaidi ya hapo. Mtu asishuke chini ya herufi na namba alizopendekeza mtengenezaji wa pikipiki, wala asipande upana kwa ajili ya sura. Wapo wanaobandika 190 kwenye rimu ya 180 ili ionekane nene. Tairi ikibanwa na rimu isiyo yake hubadilika umbo, na kona hazitabiriki tena.

Mdogo wangu aliuliza kama angebadilisha ya nyuma pekee, maana pesa hazikuwa zikitosha. Mzee alimwonyesha tairi ya mbele, ambayo nayo ilikuwa ya mwaka ule ule. "Breki kubwa ni ya mbele, mwanangu. Utavaa kiatu kipya mguu mmoja?" Tairi mbili za pikipiki zinapaswa kuwa za jamii moja, zilizotengenezwa ziende pamoja, na mshale wa ubavuni uelekee gurudumu linakozungukia.

Lililobaki ni upepo. Pikipiki nyingi kubwa za mbio hutaka kama ratili 36 mbele na 42 nyuma kwa inchi ya mraba, lakini neno la mwisho ni kibandiko au kitabu cha pikipiki yenyewe. Pima asubuhi kabla hujaiwasha, kwa kipimo na si kwa dole gumba. Baada ya safari upepo hupanda kwa sababu ya joto, na anayeupunguza hapo kesho ataamka na tairi legevu. Na tairi ikiwa mpya kabisa, kilomita 160 za kwanza au hivi uende kwa adabu, maana ngozi yake bado inateleza.

Itachukua nafasi gani pesa ya tairi mbili katika nyumba yenye kodi na karo? Swali hilo tulilizungumza mezani, na si mdogo wangu aliyelijibu. Mama alimuuliza: "Kofia ulinunua ghali ukasema ni uhai. Na hizo zinazozuia usianguke, je?" Nilipokuwa nikitafuta habari za safu hii nikakuta jambo lililonifurahisha. Mwishoni mwa miaka ya 1880 huko Belfast, daktari wa mifugo aitwaye John Boyd Dunlop alitengeneza tairi ya upepo ili baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu isimrushe rushe. Wazo hilo Mskoti Robert William Thomson alikuwa amelisajili mwaka 1845, lakini ni mzazi aliyemhurumia mtoto ndiye aliyelifanya litumike duniani. Mama hakujua historia hiyo, ila amefuata njia ile ile.

Pikipiki ilikaa nyumbani wiki tatu hadi pesa zilipotimia. Tairi zilipofika, wa kwanza kuchutama na kitambaa mkononi hakuwa mdogo wangu, bali wifi. Alisoma tarakimu nne za mwisho, akahesabu wiki kwa vidole, akazunguka mbele akasoma tena. Kisha alinyoosha mkono, akaomba kofia yake.