Fundi Kazima Tovuti ya Staa Kisa Deni: Ushkaji Umewaponza Wote Wawili

Stori ya mjini wiki hii ni tovuti. Ndiyo, tovuti! Staa mmoja wa kike wa Bongo Fleva, ambaye siku hizi ana duka lake la nguo mtandaoni, alitangaza mzigo mpya Ijumaa jioni. Mashabiki wakakimbilia linki iliyoko kwenye bio yake, hela zikiwa tayari kwenye simu. Walichokikuta ni ukurasa mweupe wenye mstari mmoja tu: "Tovuti hii imesimamishwa hadi mtengenezaji alipwe."

Skrinishoti zikaanza kutembea. Kufika saa nne usiku hakuna grupu la WhatsApp lililokuwa halijazipata, na watu wameshagawanyika kambi mbili. Timu Fundi: "Mlipeni mtoto wa watu, mnavaa dhahabu za nini?" Timu Staa: "Huyo fundi hana adabu, hata simu hakuweza kupiga?"

Jumamosi asubuhi fundi mwenyewe akaibuka. Ni kijana wa miaka 29, amepanga chumba na sebule maeneo ya Sinza, na sebule ndiyo ofisi. Hakumtaja staa kwa jina na hakumtukana mtu. Aliandika posti ndefu kuhusu kazi yake: miaka sita ya kutengeneza tovuti bila kuajiriwa, kazi alizomaliza, zilizomfia mkononi, na anachokitaka maishani. Ukiisoma mpaka mwisho unaona kwamba ugomvi huu ni mkubwa kuliko hela inayodaiwa.

Na ukweli usemwe tu: fundi ana haki ya hela yake, staa ana haki ya tovuti yake, na wote wawili wameponzwa na kitu kimoja. Ushkaji.

MAKUBALIANO YA DAKIKA MBILI

Kwa maelezo ya fundi, bei ilikuwa milioni moja na laki mbili. Akapewa kianzio laki nne. Zilizobaki, laki nane, angepewa tovuti ikishaanza kufanya kazi. Mkataba wao wote ulikuwa ujumbe wa sauti wa dakika mbili na emoji ya mikono iliyoshikana. Walikutanishwa na mshkaji wao mmoja, kwa hiyo kutaja karatasi kungeonekana kama kumtilia shaka dada mkubwa.

Tovuti ikaanza kufanya kazi. Miezi saba ikapita. Mara "wiki ijayo mdogo wangu", mara "meneja yupo safarini", mara "subiri shoo ya Mwanza ipite". Baadaye ikawa tiki mbili za bluu na kimya. Wazee walishasema zamani: kukopa harusi, kulipa matanga.

Kinachouma zaidi ni ile ofa ya "nitakutangaza". Kila fundi wa mjini, awe wa tovuti, wa picha, wa keki au wa make-up, ameshaambiwa hivyo na mtu mwenye jina. Sasa muulize baba mwenye nyumba kama anapokea matangazo. LUKU haiingizi yuniti kwa sababu umetajwa kwenye stori ya staa, na bando likiisha limeisha.

"BADILISHA KIDOGO TU"

Sehemu ya posti iliyosambaa zaidi ni pale alipoeleza kazi yenyewe. Wengi wanadhani tovuti ni kama bango: unachora, unabandika, umemaliza. Duka la mtandaoni ni kazi nyingine kabisa. Kuna jina la tovuti, lile linaloishia na .co.tz au .com, ambalo hulipiwa kila mwaka. Kuna hostingi, yaani pango la sehemu ambayo tovuti inakaa mtandaoni, nalo lina kodi yake. Kuna kuunganisha malipo ya M-Pesa na Airtel Money, kazi yenye fomu, nyaraka za biashara na kusubiri majibu. Kuna kupunguza uzito wa picha ili mteja wa Mbagala mwenye bando la jero asikate tamaa kabla gauni halijafunguka.

Halafu ndiyo yanakuja yale maneno matatu: "badilisha kidogo tu." Rangi ya waridi iwe ya zambarau. Hapana, irudi ya waridi. Iongezwe sehemu ya viatu. Iongezwe sehemu ya tiketi za shoo. Fundi anasema aliombwa mabadiliko 23 baada ya kazi kukamilika, na aliyafanya yote bila kuongeza hata shilingi, kwa sababu hakuna mahali palipoandikwa kwamba kazi inaishia wapi.

Hapo Timu Fundi mtulie kidogo. Hilo si kosa la staa peke yake. Mteja ataomba, ndiyo tabia ya mteja. Fundi cherehani ukimpelekea gauni mara ya tatu uongezewe lesi, atakutajia bei ya lesi bila kupepesa macho. Kwa nini fundi wa tovuti aone haya?

MGENI AMLIPE, MSHKAJI AMZUNGUSHE

Kuna aya moja kwenye posti hiyo iliyopaswa kuwa ndiyo kichwa cha habari. Fundi anasema alianzia kazi za nje, kupitia Upwork. Kule mtandao ulikuwa unakata asilimia 20 ya dola 500 za kwanza kutoka kwa kila mteja, mpaka mwaka 2023 ilipowekwa asilimia 10 kwa wote. Alikuwa analalamika kuhusu makato hayo kila siku. Lakini kwenye kazi za bei maalum, mteja anaweka hela kwanza kwenye akaunti ya kati, halafu ndiyo kazi inaanza. Kazi ikikubaliwa, hela inaachiwa.

Kwa hiyo mtu wa mbali, asiyejua hata Sinza iko upande gani wa Dar, alikuwa anamlipa kwa wakati. Mshkaji wanayekutana naye Kinondoni anamzungusha miezi saba. Siyo kwamba wa nje wana roho nzuri kuliko wabongo. Kule utaratibu umewekwa mbele ya urafiki, hata mtu mbaya analazimika kulipa. Huku urafiki umewekwa mbele ya utaratibu, hata mtu mwema anajisahau.

Kazi za nje nazo zina mitihani yake. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, mtandao ukayumba Afrika Mashariki yote. Fundi alikuwa na kazi ya kukabidhi wiki hiyo hiyo. Ikachelewa, mteja akatafuta mtu mwingine. Ndipo akaamua kuegemea wateja wa nyumbani. Akakutana na ushkaji.

LAKINI KUZIMA TOVUTI?

Hapa ndipo utetezi wa Timu Fundi unapoyumba. Wakati ukurasa mweupe unaonekana, ndani ya tovuti ile kulikuwa na oda za watu walioshalipia. Dada mmoja alilalamika hadharani kwamba gauni lake la sendofu la Jumapili lilikuwa humo, na hajui amuulize nani. Yeye anaingiaje kwenye ugomvi wa laki nane?

Kuna na suala la sheria. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na ndani yake kuingia au kuvuruga mfumo wa kompyuta bila idhini ni kosa. Fundi anaweza kusema jina la tovuti na hostingi viko kwenye akaunti yake, kwa hiyo amezima cha kwake. Labda. Lakini biashara iliyomo ndani ni ya mtu mwingine, na kujenga utetezi huo mbele ya hakimu ni safari ndefu kwa mtu anayedai laki nane. Unaanza Ijumaa ukiwa mdai, Jumatatu unaitwa mtuhumiwa.

Hilo la jina la tovuti kuwa kwenye akaunti ya fundi ni bomu ambalo wenye biashara wengi wamelikalia bila kujua. Umelipia duka, umelitangaza kwa mwaka mzima, kumbe hati ina jina la fundi. Siku mkikosana, au fundi akipoteza simu na paswedi zake, au Mungu akimchukua, duka linaondoka naye. Staa anamlipa mtu wa kumshikia pochi kwenye shoo, lakini hajawahi kuuliza duka lake limeandikishwa kwa jina la nani.

Na njia ya haki ipo. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano ya mdomo nayo yanaweza kuwa mkataba. Shida ni kuyathibitisha. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua mawasiliano ya kielektroniki, kwa hiyo zile chati za WhatsApp si za kufuta. Njia hiyo haina kiki wala skrinishoti. Ila haimgusi dada wa sendofu.

KAZI 41, ZILIZOLIPWA ZOTE 17

Mwisho wa posti, fundi aliweka hesabu yake. Kwa miaka sita ameanza kazi 41. Zilizolipwa mpaka shilingi ya mwisho ni 17. Zingine mteja aliyeyuka, zingine yeye mwenyewe aliziacha njiani kwa kuchoka, zingine bado "wiki ijayo".

Akaandika na malengo yake. Zamani alitaka kampuni, ofisi ya vioo Masaki na vijana kumi chini yake. Sasa anataka vitu vitatu: wateja wanne wanaolipa kila mwezi kwa matunzo ya tovuti zao, kumaliza mfumo wake wa saluni, ambao mteja anaweka miadi ya kusuka kwa simu, na ambao ameuacha nusu kwa miaka miwili kwa sababu kila akiugusa simu inaita "bro kuna kazi ya haraka", na kulala usiku.

Wajanja wa mtandaoni wakamcheka. "Kujiajiri kumemshinda huyo." "Miaka sita unataka wateja wanne?" Jamani! Wateja wanne wanaolipa ni bora kuliko mastaa arobaini wanaokuita mdogo wangu. Kijana anayejua kwamba kazi 24 kati ya 41 hazikumlipa kikamilifu amefanya hesabu ambayo wengi wanaojiita maseo kwenye bio zao wanaiogopa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na yeye angalau daftari amelifungua, hata kama amelifungua kwa kuchelewa.

Ule mfumo wa saluni ndio hasara kubwa kuliko laki nane. Hicho ndicho kitu cha kwake, ambacho hakuna meneja wa kumzungusha. Kila "badilisha kidogo tu" ya bure ilikatwa kutoka kwenye muda wa ule mfumo. Deni la staa linaweza kulipwa leo kwa simu. Miaka miwili hairudishwi.

KARATASI MOJA TU

Kilichokosekana hapa ni karatasi moja. Iandike kazi ni nini na inaishia wapi, bei, kianzio, malipo ya katikati na ya mwisho, mabadiliko ya bure ni mangapi na yanayofuata ni shilingi ngapi. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la mteja tangu siku ya kwanza. Tovuti ikae kwenye anwani ya majaribio, mteja aione na aibofye, na ihamie kwenye jina lake malipo ya mwisho yakiingia. Hapo fundi hana haja ya kuzima chochote, kwa sababu hajawasha kabla ya kulipwa.

Na wateja nao waache kuona karatasi kama tusi. Mtu akikuletea mkataba anakwambia anaithamini kazi yako. Yule anayesema "usijali bosi, sisi washkaji" ndiye wa kumwogopa.

Hadi Jumapili usiku tovuti ilikuwa imerudi hewani. Hakuna aliyesema kama hela imelipwa. Staa amepoteza mauzo ya wikiendi nzima na imani ya wateja waliokuwa na oda. Fundi anasema wateja wawili waliokuwa karibu kumpa kazi wamemwandikia "tutakutafuta", na kila mtu mjini anajua maana yake. Yule mshkaji aliyewakutanisha ameshatoka kwenye grupu.

Haya mdau, uko Timu Fundi au Timu Staa? Kabla hujajibu hapo chini, jikumbushe kidogo: ile kazi uliyofanyiwa kishkaji mwaka jana, umeshailipa?