Filamu ya mla watu wa Rotenburg: yule mwanafunzi wamempeleka wapi?

Leo tuongee filamu, ila sio kwa staili ya nani kacheza vizuri na nani kachemsha. Kama ndo kwanza umetoka kula chipsi mayai, soma taratibu. Sitaeleza mambo ya damu, hayo mtayakuta wenyewe mkiyataka, lakini kisa chenyewe ni kizito.

Wiki iliyopita kuna mshikaji alikuja hapa kafe na flashi yenye filamu kibao. Kati ya hizo kulikuwa na moja ya Kijerumani, ya mwaka 2006, inaitwa Rohtenburg. Nje ya Ujerumani inajulikana pia kama Grimm Love. Kaiongoza Martin Weisz, na ndani yupo Thomas Kretschmann, yule Mjerumani anayewekwa sana kwenye filamu za vita, pamoja na Keri Russell wa Marekani. Sio filamu ya mahela mengi ya Hollywood. Nyumba moja, watu wachache, giza jingi. Jamaa akaiuza kwa maneno matatu tu: "hii ni kweli."

Na kweli ni kweli, ndo maana nimekaa naandika.

Kisa chenyewe kwa wasiokijua. Mwaka 2001 Ujerumani kulikuwa na fundi wa kompyuta anaitwa Armin Meiwes, ana miaka 39, anaishi peke yake kwenye jumba kubwa la zamani kijijini Wüstefeld, karibu na mji wa Rotenburg. Huyu bwana alikuwa anaingia kwenye majukwaa ya mtandaoni, mojawapo likiitwa Cannibal Cafe (ndio, kafe...), akitangaza kwamba anatafuta mwanaume wa kumuua na kumla. Watu wakamjibu! Wengine walifika mpaka nyumbani kwake, wakaghairi, naye akawaacha waende zao. Halafu akajitokeza mhandisi mmoja wa Berlin ambaye hakughairi. Machi 2001 alipanda treni akaenda. Hakurudi. Meiwes alirekodi tukio zima kwa kamera ya video.

Sisi tumekua tukisimuliwa zimwi na mumiani, tukaambiwa hao wanakaa porini au wanapita usiku na gari jeusi. Huyu alikuwa na anwani ya barua pepe, na majirani walimwona mtu mpole tu.

Kesi ikawachanganya wanasheria, maana kwa sheria za Ujerumani kula mtu hakukuwa kosa lenye jina lake. Na marehemu alikubali. Mawakili wa Meiwes wakasema hii ni kuua kwa ombi la mwenyewe, ambako adhabu yake haizidi miaka 5. Waendesha mashtaka wakasema hapana, huyu kaua kwa ajili ya kujiridhisha tamaa zake, hayo ni mauaji ya daraja la juu. Januari 2004 mahakama ya Kassel ikapita katikati: ameua, ila sio kwa daraja lile, akapewa miaka 8 na nusu. Mwaka 2005 mahakama ya juu ya shirikisho ikasema hukumu hiyo ina kasoro, rudieni. Mei 2006 mahakama ya Frankfurt ikampa kifungo cha maisha.

Sasa ndo tunafika kwenye filamu. Angalieni tarehe. Filamu ilitakiwa kuingia kwenye majumba ya sinema Machi 2006, wakati kesi ya marudio bado inasikilizwa. Siku chache kabla, Meiwes kupitia mawakili wake akaenda mahakamani Frankfurt kuomba izuiwe. Akasema ile filamu ni maisha yake, wamebadilisha majina tu lakini kila mtu anajua ni yeye, na mtu ana haki juu ya maisha yake na sura yake. Mahakama ikamkubalia! Filamu ikazuiwa Ujerumani nzima. Nje iliendelea kuonyeshwa, mwaka huohuo ikazoa tuzo kule Sitges, Hispania, kwenye tamasha kubwa la filamu za kutisha.

Duh. Mtu anaua, anarekodi, halafu analalamika kwamba wengine wameigiza.

Nilipomsimulia mshikaji wangu akacheka mpaka keyboard ikaanguka. Lakini tusiwe wepesi. Ile haki aliyoidai haikutungwa kwa ajili ya wauaji. Ni hiyohiyo ingekulinda wewe kama kesho mtu angechukua msiba wenu, akaufanya sinema, akaweka na jina la mtaa. Sheria ikiwa ya kuwalinda watu wazuri tu, nani ataamua mzuri ni nani? Hapo mimi na majaji wa Frankfurt tunaweza kukaa meza moja.

Tunapotengana ni hapa: Meiwes hakuwa anakataa kisa chake kisimuliwe. Alishaongea na waandishi, na mwaka 2007 kikatoka kitabu kizima cha mahojiano naye. Alichokuwa anataka ni kuchagua nani asimulie. Mahakama ya juu ya shirikisho ililiona hilo. Mei 2009 ikaondoa zuio, ikasema kwamba ni kweli filamu inagusa mambo yake ya ndani kabisa, lakini mambo hayo yalishajulikana na umma, na yeye mwenyewe alichangia kuyatangaza, kwa hiyo uhuru wa sanaa unashinda. Miaka mitatu kopo lilikuwa limefungwa, likafunguliwa.

Mimi naona walifanya sawa kuifungulia. Ila baada ya kuitazama nimebaki na kitu kingine kooni, na hakimo kabisa kwenye mabishano yale ya mahakamani.

Kwenye filamu anayetuongoza ni mwanafunzi, huyo Keri Russell. Anaitwa Katie, Mmarekani anayesoma Ujerumani, anaandika utafiti wake wa chuo kuhusu kesi hiyo. Anakwenda kwenye nyumba, anauliza watu, anachimba maisha ya utotoni ya wale wanaume wawili. Na kubwa zaidi, anatafuta ule mkanda wa video. Filamu nzima ni hamu yake ya kuuona. Mwisho anaupata, anautazama.

Sawa. Kwenye kisa cha kweli pia yupo mwanafunzi. Tena bila yeye hakuna kesi, hakuna filamu, hakuna hii post. Ni mwanafunzi wa Innsbruck, Austria. Alikuwa anazurura mtandaoni kama sisi, akakutana na matangazo mapya ya Meiwes, maana jamaa baada ya yule wa kwanza alikuwa ameanza kutafuta mwingine. Mwanafunzi akaona hapa hakuna utani, akaripoti polisi. Desemba 2002 polisi wakaingia kwenye lile jumba.

Umeona walichofanya? Mwanafunzi wa kweli aliona kitu kibaya kwenye skrini, akasema. Wa kwenye filamu anajua kuna kitu kibaya, anakitafuta akiangalie. Wamemtoa mmoja wakamweka mwingine. Sidhani kama walikaa kikao kupanga hivyo. Filamu ya kutisha inahitaji mtu wa kufungua mlango ambao wote tunapiga kelele asiufungue, na mtu anayepiga simu polisi anaimaliza sinema dakika ya kumi. Naelewa biashara. Lakini aliyepotea kwa sababu ya biashara hiyo ndiye mtu pekee kwenye kisa kizima ambaye mimi na wewe tungeweza kuwa.

Maana tuseme ukweli, Meiwes huwezi kuwa. Mhandisi wa Berlin, Mungu apishie mbali, huwezi kuwa. Ila mtu aliyekaa kwenye kompyuta, saa imelipiwa, akaona maandishi ambayo hayakai sawa... huyo ni sisi kila siku.

Nitawaambia kitu ambacho sijawahi kuandika. Siku moja nilikaa kwenye kompyuta ambayo aliyetangulia hakufunga akaunti yake. Chati iko wazi. Mwanaume mtu mzima anaongea na binti, na ukisoma tu unajua ni mwanafunzi, anataja mitihani ya fomtuu. Anamwahidi kazi mbali, anamwambia aje stendi peke yake, na nyumbani asiseme. Nikasoma kuanzia juu mpaka chini. Nilisoma, wadau, kama mtu anayesoma hadithi gazetini. Halafu nikabonyeza pale pa kutoka, nikafungua barua pepe zangu, kwa sababu nilikuwa nimelipia nusu saa na dakika zinakwenda. Sikumwambia hata mwenye kafe. Jioni ndo nikaanza kujiuliza, wakati huo kompyuta imeshakaliwa na watu kumi.

Kwa hiyo nikimwona Katie anatafuta mkanda namjua vizuri sana. Nilijaribu kumtafuta yule wa Innsbruck ndani ya filamu, nikakosa.

Turudi kwenye neno "kweli", maana ndilo linauza. Sio jipya. Mwaka 1974 Marekani ilitoka The Texas Chain Saw Massacre ya Tobe Hooper, filamu ya bajeti ndogo sana iliyowatangazia watazamaji kwamba wanachokiona kilitokea. Hakikutokea. Kilichokuwepo ni Ed Gein, mtu wa Plainfield, Wisconsin, aliyekamatwa mwaka 1957, aliyekuwa anafukua makaburi na alikiri kuua wanawake wawili. Hakuwa Texas, hakuwa na familia ya wala watu, hakuwa na msumeno wa mashine. Filamu ikatengeneza pesa na heshima kubwa tu. Kwenye DVD zetu za mtaani, zile za filamu ishirini kwenye diski moja, utakuta "hadithi ya kweli" imeandikwa hata kwenye filamu ya nyoka mwenye vichwa saba.

Rohtenburg haiko kwenye kundi hilo. Mambo makubwa ya kisa imeyafuata kwa karibu, na hilo lenyewe ndilo lililoipeleka mahakamani. Hata jina wamelichezea kidogo tu, wameongeza herufi h, na "roh" kwa Kijerumani maana yake mbichi. Utani wa kikatili, sijaupenda. Nilichokipenda ni kwamba wale waigizaji wawili, Kretschmann na Thomas Huber, hawachezi mazimwi. Wanacheza watu wapweke mpaka unaumia. Mwaka huohuo 2006 Mjerumani mwingine, Marian Dora, alitoa filamu yake ya kisa hikihiki, Cannibal, ya senti chache kabisa, na ile ni damu na nyama mwanzo mwisho. Ukiziweka pamoja unaona Weisz angalau alikuwa anauliza swali.

Lakini kuna hatari kwenye upweke huo pia. Ukiwafanya wote wawili wapweke sawasawa, wamekutana, wamepatana, inaanza kunukia mapenzi. Ndicho hichohicho mawakili walichokuwa wanasema Kassel: walikubaliana. Mahakama ilitumia miaka miwili na zaidi kutoka hapo na kusema kwamba kukubali kwa mtu aliyevunjika hakumfanyi aliyemuua awe ametenda hisani. Filamu ilishatengenezwa kabla hukumu ya mwisho haijatoka, na inaonekana. Marehemu hakuwa na wakili kwenye kesi ya filamu. Aliyefungua shauri ni muuaji, aliyejibu ni kampuni ya filamu, na mtu aliyekufa akawa kitu kinachogombewa na wawili.

Meiwes mwaka 2018 mahakama ilikataa kumwachia mapema. Lile jumba la Wüstefeld lilibaki tupu miaka mingi, watu wakiliendea kupiga picha na kuchungulia madirishani, mpaka mwaka 2023 likateketea kwa moto. Kwenda kuchungulia madirisha! Mtu anatoka kwake, anaweka mafuta kwenye gari.

Ule mkanda wenyewe mahakama ilitazama sehemu zake watu wakiwa wametolewa nje. Nadhani walifanya vizuri.

Basi jana naandika haya, yule mshikaji wa flashi kasimama nyuma yangu anasoma. Kasoma kimya mpaka chini, nikadhani imemwingia. Akaniinamia sikioni: "Kaka, sasa ile video yenyewe, ile orijino, huwezi kuipata kweli?"

Nikamwambia kuna foleni, awapishe wenzake.