Chuma Nacho Kina Neno

Mwandishi anayedai kwamba volti inayoyashinda mafuta ya transfoma ni tabia ya mafuta pekee amesahau vyuma viwili vinavyoyapima, yaani elektrodi. Kiwango cha upimaji cha IEC 60156 huziweka elektrodi hizo umbali wa milimita 2.5 na kutaka zing'arishwe. Uso usingekuwa na neno, sharti hilo lingekuwa la nini? Kwenye kinundu kisichoonekana kwa macho, uga wa umeme huongezeka, elektroni huchomoka upande hasi, na cheche hupata pa kuanzia. Atajibu kwamba mkosaji ni unyevu na nyuzi zilizomo kwenye mafuta. Vinadhuru, tena sana. Lakini hata mafuta safi, makavu, huhimili uga mdogo zaidi elektrodi zikiwa pana, kwa kuwa kasoro za uso nazo huongezeka. Fundi asiyekagua vishimo vilivyoachwa na cheche zilizotangulia atayatupa mafuta mazima kwa kosa la chuma.