Usiniambie Ni Pori

Tangazo la kuuza viwanja utalijua kwa neno moja: safi. Kiwanja safi, kimepimwa, maongezi yapo. Chini yake kuna picha ya mchanga uliokwanguliwa na greda, vigingi vinne, na wala hakuna hata jani moja. Nina ugomvi na neno hilo. Kusafisha ni kuondoa uchafu. Sasa uchafu uliokuwepo hapo ulikuwa upi?

Nauliza kwa sababu sehemu ya uchafu huo ilikuwa shamba la bibi yangu.

Bibi alilima katika kijiji kimoja cha Mkuranga, na alikuwa na vipande vitatu vya ardhi. Kipande kimoja alikilima mihogo misimu kadhaa mpaka akaona mizizi inakuja myembamba. Hapo alikiacha, akahamia kingine. Hakusema amekitelekeza. Alisema, "Lile shamba limelala." Nasi wajukuu tulijua maana yake: tusilichezee, lakini tunaweza kwenda kuokota kuni na kuchuma mabungo. Hiyo juisi ya mabungo unayoinywa mjini na kuisifia, tunda lake hutoka kwenye vichaka vya namna hiyo. Hakuna aliyekipalilia kichaka kile, lakini kilikuwa na mwenyewe.

Siku wanunuzi walipofika kutoka mjini, mtu wa kijijini aliyewaongoza aliwapeleka moja kwa moja kwenye shamba lililolala. "Hili pori tu," akawaambia. Bibi alikuwepo. Akauliza, "Pori gani linapanda mikorosho kwa mstari?" Mikorosho ilikuwepo kweli, imezungukwa na vichaka, imesimama kwa mstari kama alivyoipanda na babu. Hakujibiwa. Katapila lilifanya kazi siku mbili. Bibi alipewa pesa kidogo ya mikorosho. Ardhi yenyewe ilihesabiwa kuwa haikuwa na mtu.

Wengi watasema huo ni uhuni wa mtu mmoja. Mimi nasema uhuni huo una mizizi mirefu. Mwaka 1895 serikali ya Wajerumani ilitoa amri kwamba ardhi isiyo na mwenyewe katika koloni hili ni mali ya Dola. Ni nani aliyeamua kwamba haina mwenyewe? Ni yule yule aliyeitaka. Tukapata uhuru, tukatunga sheria zetu. Mwaka 1999 tulitunga mbili kwa mpigo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5, inatambua kwamba ardhi iliyopumzishwa inaweza kuwa sehemu ya ardhi ya kijiji. Lakini Sheria ya Ardhi, Na. 4, ya mwaka huo huo, inapoeleza ardhi ya jumla inaingiza humo ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria moja inaona shamba limelala. Nyingine inaweza kuliona halina kazi. Kati ya maneno hayo mawili panapita katapila.

Na anayedhani mashine inajua zaidi ya jembe, aikumbuke Kongwa. Kuanzia mwaka 1947 Waingereza walikuja na mpango wa karanga, wakilenga zaidi ya ekari milioni tatu. Walileta matrekta, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Waliling'oa pori la Ugogo kwa minyororo. Udongo ulipokauka ukawa mgumu kama saruji, na mvua haikufika kama walivyoiagiza kwenye makaratasi. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zimepotea. Wagogo waliokuwa wakiishi pale na ukame wao walikuwa wanalijua hilo bila kifaru.

Sasa niseme langu, maana sitaki kujificha nyuma ya bibi.

Nilipopata pesa nilinunua kiwanja upande wa Kigamboni, mita 20 kwa 30. Kilikuwa na vichaka, mtopetope mmoja na mkorosho mzee. Nilimlipa mtu wa greda akakwangua vyote kabla ya saa sita mchana. Nikampigia bibi simu kwa furaha. Akaniuliza, "Kulikuwa na nini hapo?"

Nikamjibu, "Hapakuwa na kitu, bibi. Pori tu."

Akanyamaza. Kisha akaniuliza kama nimeshakula.

Masika ya kwanza mchanga wangu wote wa juu ulihamia getini kwa jirani. Nilinunua tripu mbili za kifusi kujaza shimo nililolilipia mwenyewe. Lakini hasara iliyoniuma haikuwa ya kifusi. Iliniuma kwamba sentensi ileile iliyomnyang'anya bibi shamba ilitoka kinywani mwangu, tena bila kigugumizi.

Najua hoja za upande wa pili. Kiwanja chenye majani kinavamiwa. Kina nyoka. Kina mbu. Sawa. Panda mchongoma au minyaa kwenye mpaka, uwaite majirani na mjumbe washuhudie. Fyeka pale nyumba itakapokaa na hatua kadhaa kuizunguka. Mti usio kwenye msingi, uache. Panga na kijana wa kijijini anayejua kisiki kipi cha kung'oa na kipi cha kuacha vinatosha kwa kiwanja cha mita 20 kwa 30. Hatuhitaji kukwangua ngozi ya nchi ili tulale salama.

Lakini hayo ni ya panga. La kwanza ni la mdomo. Wabunge waondoe mkanganyiko wa sheria zile mbili, ili shamba lililolala lisigeuzwe ardhi isiyo na mtu kwa sababu tu limeota. Na sisi wenye elimu na mishahara, tunaonunua viwanja kwa simu, tuanze kumuuliza dalali swali la bibi: kulikuwa na nini hapo? Akijibu ni pori tu, mwambie akuonyeshe. Nenda mwenyewe, ingia vichakani, uangalie kama miti imesimama kwa mstari.