Kiassam na Kibosnia: Binamu Wasiojuana

Kiassam husemwa kaskazini-mashariki ya India, katika bonde la mto Brahmaputra lenye mashamba mapana ya chai. Kibosnia husemwa Ulaya, katika milima ya Balkani. Wasemaji wa lugha hizi hawajapata kuwa majirani, wala kupigana, wala kuoana. Hata hivyo mtu akiziweka ubavu kwa ubavu huona kuwa ni binamu, kwani zote mbili zatoka katika ukoo mkubwa wa lugha uanziao India hadi mwisho wa Ulaya. Mbili ni dui kwa Waassam na dva kwa Wabosnia. Kumi ni doh huku na deset kule.

Udugu huo ni wa mbali, na huhitaji mtaalamu kuuonyesha. Sikio la Mswahili litashtushwa zaidi na maneno mengine. Duka ni dokan Assam na dućan Bosnia. Habari ni khobor na haber. Kalamu ni kolom na kalem. Sabuni ni sabon na sapun. Maneno haya asili yake ni Kiarabu, ila kila moja limepita njia yake. Ya Assam yaliingia kwa Kiajemi kilichokuwa lugha ya mabaraza ya wafalme wa India. Ya Bosnia yalikuja kwa Kituruki baada ya dola ya Uthmaniya kuitwaa nchi hiyo mwaka 1463. Sisi tuliletewa yetu na pepo za kaskazi. Kuna jambo dogo la kupendeza hapa: Mwassam huita kitabu chochote kitap, ilhali Mbosnia amelihifadhi neno ćitab kwa vitabu vya dini, na vinginevyo huviita knjiga.

Katika sarufi binamu hawa wameachana kabisa. Kibosnia kimebeba mzigo mzito. Kila jina hubadilika kwa hali saba, na kila kitu kina jinsia, hata meza ni ya kiume na kitabu ni cha kike. Mtu hawezi kusema "nimekuja" bila kujifichua: mwanamke husema došla sam, mwanamume došao sam. Kiassam kiliutua mzigo wa jinsia zamani. Ustadi wake umo katika kuwataja jamaa. Baba yangu ni mor deuta, baba yako ni tomar deutara, baba yake ni tar deutak. Mwisho wa neno humfuata mwenye baba, na huwa hivyo kwa watu wa ukoo, si kwa mali. Nasi je, hatusemi mwanangu, mwanao, mwanawe? Wala hakuna asemaye "mezangu". Wabosnia nao, kama sisi tutofautishavyo amu na mjomba, humwita ndugu wa baba amidža na ndugu wa mama daidža.

Lakini lililonivuta kuandika juu ya lugha hizi ni sauti moja tu, ile ya kooni. Jirani wa Mwassam ni Mbengali, na lugha zao zakaribiana sana, hata hati wanayoandikia ni karibu moja. Penye "sh" ya Mbengali, Mwassam mara nyingi hutamka sauti iliyo jamaa ya "kh" yetu ya kheri na khofu. Saba kwa Mbengali ni shat. Kwa Mwassam ni khat. Hata jina la lugha yao wenyewe, Okhomiya, lina sauti hiyo. Mbosnia naye ana majirani Waserbia na Wakroatia, na wote husikilizana bila mkalimani. Wao hunywa kafa au kava. Yeye hunywa kahva. Wao husema lako kwa jambo jepesi. Yeye husema lahko. Pumzi moja ya kooni, na msikilizaji ameshajua nyumba uliyolelewa.

Majirani wa namna hii ndio waliozitia lugha hizi mashakani. Mwaka 1836 serikali ya Waingereza ilikifanya Kibengali kuwa lugha ya mahakama na shule huko Assam, na wapo waliodai kuwa Kiassam ni lahaja tu. Haki yake haikurudi ila mwaka 1873. Tayari katika karne ya 17 Azan Fakir alikuwa ametunga dhikiri zake kwa Kiassam, nazo zaimbwa hata leo. Bosnia, Muhamed Hevaji Uskufi aliandika kamusi ya Kibosnia na Kituruki kwa mashairi mwaka 1631, akaiita lugha hiyo kwa jina lake. Jina hilo liliondolewa rasmi mwaka 1907 chini ya Austria na Hungaria, pakawekwa "Kiserbia-Kikroatia". Lilirejea baada ya miaka mingi, hata mkataba wa amani wa mwaka 1995 ukaandikwa kwa Kibosnia pia.

Kurejea kwa jina hakukumaliza mambo. Mwaka 1951 Waislamu wengi wenye asili ya Bengal waliohamia visiwa vya mto Brahmaputra walijiandikisha katika sensa kuwa wasemaji wa Kiassam, wakawasomesha watoto wao kwa lugha hiyo. Daftari la raia lilipotolewa mwaka 2019, watu milioni 1.9, Waislamu na Wahindu, hawakuyaona majina yao. Na mwaka 2013, katika kijiji cha Konjević Polje, wazazi wa Kibosnia waliwatoa watoto wao shuleni kwa kuwa hawakusomeshwa lugha yao. Walikwenda hadi Sarajevo, wakapiga kambi huko katika baridi, kina mama na watoto wao.