Mtoto asiyefuata masomo si mjinga: tumuulize kwanza, fimbo ikae pembeni



Kila mara biletini zikitolewa, maneno ni yale yale katika mitaa yetu. Mzazi anasema kichwa cha mtoto hakikamati kitu. Mwalimu anasema mtoto yuko kwenye benchi lakini akili iko nje. Jirani naye anaongeza yake. Halafu hukumu inatolewa: achapwe, au aache masomo abaki nyumbani kuuza ndizi, au apelekwe kwenye chumba cha maombi wamtoe roho chafu. Mtoto mwenyewe hakuna aliyemuuliza kitu.

Maoni yangu ni haya: mtoto asiyeweza kutulia darasani anatuonyesha dalili, sawa na mtoto mwenye homa. Homa haichapwi. Inatafutiwa sababu. Na katika mkoa wetu wa Kivu ya Kaskazini, ambako watoto wengi wamelala porini na wamebadilisha shule mara mbili, mara tatu, sababu haziko mbali. Mbele ya kumuondoa mtoto shuleni, mzazi na mwalimu wajiulize pamoja maswali matano. Hayaombi hata franga moja.

Swali la kwanza: analala namna gani? Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa masaa 9 hadi 12 kila usiku. Sasa tuangalie nyumba zetu. Familia mbili au tatu zinakaa katika vyumba viwili. Mtoto wa mkimbizi analala kwenye sebule, kwa hiyo anangoja wakubwa wamalize mazungumzo. Butembo iko juu, zaidi ya mita 1 700, na baridi yake tunaijua. Juu ya mkeka bila blanketi, mtoto anaamka kila mara. Saa kumi na moja ya asubuhi anaamshwa aende kuchota maji na bidon. Ikifika saa nne darasani, macho yanafunga. Huo si uvivu. Ni deni la usingizi.

Swali la pili: amekula nini, na mwili wake uko namna gani? Mtoto aliyekula bugali jana jioni, na leo asubuhi hakupata hata chai, hawezi kushika hesabu. Minyoo inamnyang'anya hata kile kidogo alichokula. Malaria inayorudi kila mara inapunguza damu, na mtoto mwenye damu kidogo anachoka mbele ya wengine. Dawa ya minyoo ni kati ya dawa za bei ndogo kabisa, na kuna nyakati inagawiwa bure. Muulize muuguzi wa kituo cha afya kilicho karibu.

Swali la tatu: anaona na anasikia vizuri? Simama nyuma yake, sema jina lake kwa sauti ndogo. Kama hageuki, jaribu tena kesho. Mtoto aliyetokwa na usaha masikioni kwa muda mrefu anaweza kuwa anasikia nusu ya yale mwalimu anasema. Muweke nyuma ya darasa, umuombe asome ubao. Kama anakunja macho au anakisia, umepata jibu. Kuna na jambo lingine ambalo wengi hawalijui: watoto wengine wanasimama ghafla katikati ya neno, wanakodoa macho sekunde chache, halafu wanaendelea kama vile hakuna kitu kimepita. Hiyo inaweza kurudi mara nyingi kwa siku moja. Mwalimu anafikiri mtoto anaota. Inaweza kuwa ni aina ya kifafa, ile isiyoangusha mtu, na kifafa kina dawa. Mtoto wa namna hiyo apelekwe kwa mganga wa hospitali.

Swali la nne: anaelewa lugha ya darasa? Mtoto aliyetoka upande wa Walikale pengine amekua na Kinyanga. Wa Masisi pengine amekua na Kihunde. Anafika Butembo, wenzake wanaongea Kinande, mwalimu anaeleza kwa Kiswahili, na kwenye ubao kuna Kifaransa. Lugha tatu katika saa moja! Hata mtu mkubwa angeangalia dirishani. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inakubali lugha za taifa na lugha za mahali zitumiwe kufundisha. Kwa hiyo mwalimu anayerudilia fundisho kwa Kiswahili chepesi havunji sheria yoyote. Tena tusisahau miezi iliyopotea. Mtoto aliyekosa nusu ya darasa la tatu, akaingizwa moja kwa moja katika darasa la nne, hakosi akili. Anakosa ngazi ambayo haikujengwa.

Swali la tano: ameona nini? Hili ndilo zito. Watu wa Beni wanajua mauaji yaliyoanza mwezi wa kumi mwaka 2014. Wale wa Kanyabayonga na Kirumba wanajua namna walivyokimbia katikati ya mwaka 2024. Mtoto aliyepita katika hayo, masikio yake yanabaki barabarani. Pikipiki ikilia kwa nguvu, anaruka. Mlango ukigongwa, anatafuta mahali pa kujificha. Mwili wake bado unalinda usalama wake, na mtu anayelinda usalama hawezi pia kuhesabu sehemu za kumi. Mtoto mwingine hafanyi kelele yoyote: ananyamaza, hachezi, anakojoa kitandani hata kama alikuwa amekwisha kuacha. Huyo naye anaomba msaada, hata kama hasumbui mtu.

Kuna pia watoto ambao hali yao haikutoka kwa vita. Walikuwa hivyo tangu wadogo, nyumbani, kanisani na shuleni: hawakai mahali, wanakatiza maneno ya watu, wanasahau kile walichotumwa kabla ya kufika mlangoni. Madaktari wanajua hali hii, na kwa Kifaransa wanaiita kwa kifupi TDAH. Haitokani na malezi mabaya ya mama, na haina maana kwamba mtoto hana akili. Hapa kwetu wataalamu wake ni wachache. Lakini mpangilio ule ule nyumbani na uvumilivu wa mwalimu vinamsaidia sana mtoto huyo, hata mbele ya kumpata daktari.

Najua wengine watasema: sisi tulichapwa, na tulisoma. Watanikumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Nakubali, mtoto anahitaji nidhamu, na kumhurumia si kumuacha afanye anavyotaka. Lakini kukunja si kuvunja. Fimbo inaweza kumnyamazisha mtoto kwa dakika tano. Haiwezi kumrudishia usingizi, haiponyeshi sikio, haimfundishi Kifaransa. Na kwa yule aliyekimbia watu wenye silaha, mkono ulioinuliwa juu yake unamrudisha kule kule alikotoka. Mwalimu anataka mtoto asikilize, lakini mtoto anabaki kuangalia fimbo tu.

Juu ya uchawi, niseme wazi. Mtoto ambaye anasemeshwa hajibu, anayelia usiku, anayetembea akiwa amelala, si mchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu mtu anayemshtaki mtoto kuwa mchawi. Kuombea mtoto ni haki ya kila mzazi. Kumfunga, kumlaza na njaa siku tatu au kumchoma kwa jina la maombi, hapana. Chifu wa avenue na wachungaji wanapaswa kurudilia hilo bila woga, kwa sababu familia iliyohama na isiyo na mtu wa kuitetea ndiyo inayoshtakiwa kwa urahisi zaidi.

Basi tufanye nini? Mzazi atasema: nina watoto saba, ninalima mashamba ya wengine kwa siku, wakati wa kukaa na mmoja nitautoa wapi? Ni swali la haki. Kwa hiyo nataja vitu vidogo. Mtoto alale saa ileile kila siku, na yule anayesoma asubuhi achote maji jioni. Kama kuna kitu cha kula, sehemu ndogo ibakizwe kwa asubuhi. Umtume kitu kimoja kwa wakati mmoja, si vitatu. Kazi ya nyumbani igawanywe: mistari mitano, asimame, anywe maji, mistari mingine mitano. Aifanye mbele giza halijaingia, kwa sababu taa ni shida. Akifanya vizuri, mwambie hivyo mbele ya wengine. Na mumpe nafasi ya kucheza kila siku. Mchezo si kupoteza wakati. Mtoto aliyekimbia uwanjani anakaa vizuri zaidi kwenye benchi.

Kwa mwalimu, najua mzigo wake. Tangu masomo ya msingi yawe bure mwezi wa tisa mwaka 2019, jambo ambalo tulilifurahia, madarasa yamejaa. Vita vikaleta wengine. Mwalimu mmoja anaweza kuwa na watoto 70 au 80 mbele yake, na mshahara hautoshi. Hakuna anayemuomba awe daktari. Lakini anaweza kumuweka huyu mtoto benchi la mbele, mbali na mlango. Anaweza kumpa kazi ya kufuta ubao au kugawa makaye, ili mwili wake upate kusogea bila kosa. Anaweza kusimamisha darasa zima waimbe dakika mbili kati ya hesabu na kusoma. Na anaweza kumuita mtoto pembeni na kumuuliza: jana ulilala wapi?

Lililo kubwa ni kwamba mzazi na mwalimu waongee. Hapa kwetu wanakutana siku ya biletini tu, na kila mmoja anamlaumu mwenzake. Mama aliyehama anaogopa kwenda kwa mkubwa wa shule, anafikiri ataombwa pesa au atachekwa kwa nguo zake. Komite ya wazazi ingeweza kufanya jambo moja: kuchagua siku moja kwa mwezi ambapo mzazi yeyote, mwenyeji au mkimbizi, anaingia kuongea na mwalimu bila kuombwa kitu. Familia zinazopokea wageni ziwasindikize mara ya kwanza. Na pale ambapo kituo cha afya kina mtu wa kusikiliza watoto waliopitia vita, shule iwe na jina lake ukutani, ili mzazi asizunguke mji mzima.

Tumepoteza mashamba, nyumba na ng'ombe. Hivyo, siku moja, vinaweza kupatikana tena. Mtoto aliyeondolewa shuleni akiwa na miaka tisa kwa sababu hakuna aliyemuuliza amelala wapi, ni vigumu sana kumrudisha akiwa na kumi na tano. Wale wanaotafuta vijana wa kubeba silaha wanamjua vizuri mtoto wa namna hiyo, na wao hawachoki kumsemesha.

Kwa hiyo mzazi, mbele ya kusema mtoto wako hana akili, nenda shuleni wiki hii. Na wewe mwalimu, mama huyo akifika mlangoni, mpe kiti.