Rangi Haizibi Ufa

Wahenga walituachia onyo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Njia ya tatu hawakuijua. Hiyo tumeibuni sisi wenyewe. Ufa hauzibwi, ukuta haujengwi, bali huletwa madebe ya rangi ya buluu, mgeni rasmi akapita, picha ikapigwa, na kazi ikahesabiwa kuwa imekwisha.

Mwandishi wa makala hii aliliona jambo hilo kwa macho yake katika bwawa la kuogelea la chuo kimoja cha umma. Lipu ilikuwa imechakaa hata ikakwaruza magoti ya wanafunzi kama msasa, na maji yalikuwa yakipungua kila usiku. Fundi mwashi aligonga ukuta kwa nyundo, ukalia kama mtungi mtupu. Akaomba lipu yote iliyoachana na zege ibanduliwe. Akajibiwa kwamba muda hakuna, sherehe i karibu. Rangi ikapakwa. Haikutimia miezi mitatu ikafanya malengelenge na kumenyuka, bwawa likafungwa, na madimbwi yaliyobaki yakawa mazalio ya mbu.

Je, ni nani aliyehujumu mali ya umma hapo? Si fundi. Ni mkuu wa kazi aliyetia sahihi huku akijua.

Lipu ya bwawa si pambo. Zege ndilo linalobeba uzito. Lipu ni ngozi inayolikinga zege hilo na maji. Aghalabu huchanganywa saruji nyeupe na chengachenga za marumaru, ikasiribwa kwa unene wa karibu sentimita moja, mfululizo, pasipo kuacha kiungo. Baada ya hapo bwawa hujazwa bila kusita, kwa sababu saruji hukomaa vyema ndani ya maji. Yakikatizwa katikati, mstari hubaki ukutani. Majuma ya mwanzo kuta husuguliwa kwa brashi na maji hupimwa, maana maji yenye asidi nyingi huila lipu. Ikitunzwa hivyo, hudumu miaka 10 na zaidi.

Hata kulimwaga bwawa kunahitaji akili. Bwawa la mita 25 kwa 10, lenye kina cha wastani wa mita moja na nusu, hubeba tani 375 za maji. Uzito huo hulikandamiza lisiinuliwe na maji ya ardhini. Anayelikausha wakati wa masika, mahali ambapo maji ya ardhini yako juu, bila kuyapunguza kwanza, aweza kulikuta limenyanyuka na kupasuka. Haya si mambo ya kuamuliwa mezani kwa haraka ya sherehe.

Watakuwapo watakaosema kwamba bwawa ni anasa, na liachwe life. Hiyo ni kasumba. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Sisi tumezungukwa na bahari na maziwa makuu. Tuliwalilia ndugu zetu wa MV Bukoba mwaka 1996, tukawalilia wa MV Nyerere mwaka 2018. Hatudai kwamba kuogelea kungewaokoa wote. Kuipakia meli kupita kiasi ni kosa jingine. Lakini mtoto anayeteleza ufukoni akiteka maji hana mwokozi wa kwanza ila mikono yake mwenyewe, na mikono hiyo yafaa ifundishwe mahali salama.

Kwa hiyo, ndugu watumishi na walimu, tuanze na yaliyo katika uwezo wetu. Mhasibu asilipe kabla ukuta haujagongwa mbele ya mashahidi. Mkuu wa chuo aweke daftari la kupima maji, na alisome. Mwalimu wa michezo akisikia ukuta unalia utupu, aseme kwa maandishi, hata kama mgeni rasmi yuko njiani.

Mgeni huyo atakaa saa mbili na kuondoka. Wanafunzi watabaki na bwawa.